Jinsi ya Kuomba Fedha za Serikali za Kuhifadhi Udongo na Maji Shambani Marekani

Ndugu zetu wengi waliotoka Kongo, Burundi na kwingineko wakahamia Marekani wamekodi ekari moja au mbili nje ya mji, ambako wanalima nyanya chungu na mchicha, au lengalenga kama Wakongomani wanavyouita, huku wakiamini kwamba fedha za serikali ni za wenye matrekta makubwa. Imani hiyo inawakosesha haki yao. Mpango unaoitwa EQIP, ulioanzishwa kwa sheria ya kilimo ya mwaka 1996, humsaidia mkulima kulipia kazi za kulinda udongo na maji, na shamba dogo la mboga linaweza kuingia. Kinachowaangusha wengi ni kutofuata mpangilio wa hatua.

Anza kwa kutafuta kituo cha Idara ya Kilimo, yaani USDA, kinachohudumia kaunti yako. Anwani zipo kwenye tovuti ya farmers.gov. Piga simu uombe miadi, na kama Kiingereza chako bado kinakupa shida, uliza siku hiyo hiyo kama mkalimani anaweza kupatikana. Mara nyingi ndani ya jengo moja utakuta ofisi mbili ambazo wageni huzichanganya: FSA, inayotunza kumbukumbu za mashamba na kutoa mikopo, na NRCS, inayoshughulikia hifadhi. Fedha za EQIP zinatoka NRCS, lakini usajili wako unaanzia FSA.

Kule FSA unaomba namba ya shamba. Nenda na kitambulisho, namba ya Social Security au namba ya kodi ya biashara yako, pamoja na hati ya ardhi au mkataba wa kukodi ulioandikwa na kutiwa saini. Afisa atafungua kwenye kompyuta picha ya eneo lenu iliyopigwa kutoka angani na kukuomba uonyeshe mipaka: hapa ndipo uzio unapoishia, huku kuna mfereji, pale kuna miti ya jirani. Usiharakishe, kwa sababu mstari utakaochorwa hapo ndio utakaotumika katika kila ombi lako la baadaye. Kisha utajaza fomu AD-1026, ambayo kwayo unaahidi kutokausha ardhi oevu ili upande mazao na kutolima bila mpango ulioidhinishwa ardhi inayomomonyoka kwa urahisi, na fomu CCC-941, inayoruhusu mamlaka ya kodi kuthibitisha kwamba kipato chako hakizidi kiwango kilichowekwa. Uthibitisho huo huchukua muda, kwa hiyo fomu hizi zisisubiri dakika za mwisho.

Ukifika NRCS, eleza tatizo la shamba kabla ya kutaja kitu unachokitaka. Onyesha mahali maji ya mvua yanapochimba korongo, au sema kwamba udongo umekuwa mgumu na baridi inakukatishia msimu mapema. Mtaalamu atakuja shambani, atembee nawe na kuandaa mpango wa hifadhi bila malipo. Huenda akapendekeza mazao ya kufunika udongo, uzio wa kuzuia mifugo isiingie mtoni, au nyumba ya plastiki yenye nguzo za chuma zilizopindwa, ambayo wakulima wa mboga huipenda kwa kuwa hurefusha msimu. Kwa nyumba hiyo, fahamu kwamba mboga lazima ziote ardhini. Kupanda kwenye meza hakukubaliki.

Ombi lenyewe ni fomu CPA-1200. Hupokelewa mwaka mzima, ila kila jimbo huweka tarehe ya kufunga duru ya maombi, kisha maombi yaliyofika hushindanishwa kwa alama. Jambo moja lisikupite: kama hujafikisha miaka 10 ukiendesha shamba, hakikisha umeandikwa kuwa mkulima anayeanza. Kwa kawaida malipo hayazidi asilimia 75 ya makadirio ya gharama, lakini anayeanza anaweza kufikia asilimia 90, na anaweza kuomba angalau nusu ya fedha zake mapema ili anunue vifaa, mradi azitumie ndani ya siku 90.

Usinunue wala usijenge chochote kabla ya mkataba wa EQIP kutiwa saini na wewe pamoja na NRCS. Mama mmoja ninayelima jirani naye alizipata nguzo za nyumba ya plastiki zimepunguzwa bei, akazinunua na kuzichimbia ardhini wakati ombi lake lilikuwa bado linashughulikiwa. Afisa alipokuja kukagua alizikuta zimesimama, na kazi hiyo haikuweza kulipiwa tena. Iliniuma sana, kwa maana alikuwa na sifa zote.

Kwa aliyekodi, hakikisha muda wa kukodi unafunika muda wote wa mkataba wa EQIP, na upate ruhusa ya maandishi ya mwenye ardhi kabla ya kujenga kitu cha kudumu. Jenga kwa kufuata michoro uliyopewa, kisha mwite afisa akague. Malipo huingia benki baada ya hapo, nawe utapokea fomu 1099-G ya kujumuisha katika hesabu za kodi. Ukiona utachelewa, mwarifu afisa kabla ya tarehe kupita, maana kuvunja mkataba kunaweza kukulazimu kurudisha fedha.

Ombi likikosa fedha katika duru hiyo, uliza lilipata alama ngapi na lilipungukiwa wapi, halafu omba liingizwe katika duru inayofuata. Lakini ukiandikiwa barua kwamba huna sifa, soma tarehe iliyo juu yake siku hiyo hiyo: kwa kawaida una siku 30 za kukata rufaa, na barua hiyo hueleza rufaa inapelekwa wapi.