Jinsi ya kuchambua biashara na diplomasia ya Uingereza na Jamaika ukiwa Mombasa

Wanafunzi wengi hapa wakipewa pepa ya uhusiano wa nchi mbili wanakimbilia hotuba za mabalozi, wananukuu "urafiki wa miaka mingi", ukurasa unajaa na ndani hamna kitu. Mimi nasema anza na mzigo. Uliza nini kinapakiwa melini, nani ananunua, ushuru ni kiasi gani. Hotuba zisome baadaye.

Tuchukue Uingereza na Jamaika manake uhusiano wao na ule wetu Wakenya na Mwingereza unafanana pakubwa. Andika kwanza bidhaa za Jamaika: boksiti na alumina (malighafi ya alumini), sukari, ramu, kahawa ya Blue Mountain. Alafu angalia kila moja inaenda wapi, na hapa ndo wengi wanateleza, unadhani kwa vile Mwingereza aliwatawala hadi 6 Agosti 1962 basi kila kitu kinaishia London, kumbe mshirika wao mkubwa wa biashara ni Marekani na ile kahawa yao maarufu mnunuzi wake mkubwa kwa miaka mingi amekuwa Mjapani. Ukikosea hapo pepa yote imekwenda mrama.

Kwa Mwingereza fuata sukari. Mwaka 1951 kulikuwa na mkataba wa sukari wa Jumuiya ya Madola, Uingereza inanunua kiwango kilichopangwa kwa bei iliyopangwa. Akaingia soko la pamoja la Ulaya 1973, sasa ile ahadi ikabidi ibebwe na Ulaya nzima, ndo ukaja Mkataba wa Lomé wa 1975, kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, na itifaki yake ya sukari (Kenya pia tulikuwamo kwenye Lomé, usisahau kuandika hilo). Mwaka 2006 Ulaya ikaamua kushusha bei ya sukari kwa awamu, asilimia 36, na 2009 itifaki ikafika mwisho. Yaani mkulima wa miwa kule Clarendon, Jamaika, bei yake iliamuliwa Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, na hili linaniuma sana sababu hakuna hotuba ya balozi itakayokwambia hivyo waziwazi.

Sasa tafuta mkataba unaotumika saa hii. Nchi za Karibi zilisaini na Ulaya 2008 kule Barbados kama kundi la CARIFORUM, na Uingereza ilipokuwa inajiandaa kujitoa Ulaya ikasaini wa kwake na kundi hilo 2019, ukaanza kutumika 2021. Ufungue, ruka dibaji, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la ushuru. Utaona safu ya namba za forodha za kila bidhaa, maelezo ya bidhaa, ushuru wa kuanzia, alafu miaka ya kuupunguza. Sukari ni 1701, kahawa 0901, ramu 2208.40. Ukiwa na mjomba ama jirani anayefanya kliaringi pale Kilindini kaa naye jioni moja akufundishe kusoma hizo namba, anazitumia kila siku. Utagundua Ulaya ilifungua soko karibu lote mara moja lakini Karibi wanafungua polepole, bidhaa nyingine hadi miaka 25, na hapo ndo pa kujadili nani alipata nini.

Usiache sheria za asili ya bidhaa. Kahawa iliyolimwa Jamaika ni ya Jamaika, haina mjadala, lakini ukichanganya na buni za kutoka kwingine hesabu inabadilika na msamaha wa ushuru unaweza kukupita.

Baada ya hapo ndo usome siasa. Biashara wanajadiliana kama kundi lakini siasa Jamaika inasema peke yake, kwa hivyo zitafute kando. Mfalme wa Uingereza bado ndiye mkuu wao wa nchi, na Machi 2022 mwanamfalme William alipotembelea Kingston waziri mkuu Andrew Holness alimwambia mbele ya kamera kwamba Jamaika inasonga mbele, yaani inataka kuachana na ufalme. Ongeza watu waliohamia Uingereza tangu meli ya Windrush ilipowapeleka Wakaribi huko 1948, na viza ambayo Uingereza iliwawekea Wajamaika 2003.

Ukimaliza, fungua mkataba wetu na Uingereza, ule uliosainiwa Desemba 2020 na kuanza Machi 2021, tafuta 0902, hiyo ni chai, ile inayouzwa kwenye mnada hapa hapa Mombasa, na uulize maswali yale yale.