Kabla hujalipia sahihi ya Martin Luther King
Ukiletewa barua yenye sahihi ya Martin Luther King Jr., usikimbilie kutoa pesa. Ofisi yake ilipokea barua nyingi mno, na makatibu walimsainia baadhi ya majibu. Kwa hiyo barua inaweza kuwa halisi, karatasi ya miaka ya 1960 kabisa, ila mkono si wake. Ichunguze kwa lenzi: wino wa kalamu hukolea pale mistari inapokatana, sahihi ya kuchapwa huonyesha vitone vitone. Tazama na tarehe. King aliuawa Aprili 4, 1968. Sahihi yake ndani ya kitabu kilichochapwa 1970 ni utapeli mtupu. Cheti cha kuthibitisha sahihi alichojiandikia muuzaji mwenyewe mimi hata sikihesabu. Ukishanunua, usiitundike panapopiga jua, wino utapauka.