Kabla Hujalenga Wingu la Giza: Maandalizi ya Mpiga Picha wa Anga

Nebula ya giza haina mwanga wake. Ni wingu la gesi baridi na vumbi laini lililokaa kati yetu na nyota za mbali, nasi tunalijua kwa sababu linazificha nyota hizo. Kwa hiyo anayetaka kulipiga picha hahangaiki na wingu lenyewe tu. Anahangaika zaidi na anga lililo nyuma yake: liwe safi na sawasawa, lisiwe na mwanga wa kigeni. Maandalizi karibu yote yanarudi hapo, na mengi unayamaliza kabla hujafunga safari.

Anza kwa kuchagua shabaha inayolifaa eneo lako. Edward Emerson Barnard, Mmarekani aliyeanza kazi katika studio ya picha huko Nashville akiwa bado mtoto, alichapisha mwaka 1919 orodha ya mawingu 182 ya aina hii, na ndiyo maana mengi yanaitwa kwa herufi B na namba. Mwaka 1962 Beverly Lynds alitoa orodha ndefu zaidi, yenye mawingu 1,802, ambayo namba zake hutanguliwa na LDN. Usiipitie orodha yote ukitafuta lililo gumu kuliko yote. Kwa mtu aliye Dodoma au Singida ningependekeza Bomba, yaani Barnard 59, 65, 66, 67 na 78, katika kundinyota la Hawaa. Liko umbali wa takriban miaka nuru 500, lina urefu wa nyuzi saba hivi angani, na penye giza la kweli hata jicho tupu huliona. Juu yake kidogo upande wa kaskazini kuna nyota angavu ya Theta Ophiuchi, na ukiipita hiyo unakutana na Nyoka, Barnard 72, iliyojikunja kama herufi S, pamoja na Barnard 68 iliyo nyeusi tii. Vyote vinaingia katika fremu moja ya lenzi ya milimita 135 kwenye kamera ya kawaida ya sensa ndogo.

Hapa sisi tumebahatika kuliko wengi. Bomba likifika kileleni London liko nyuzi 12 tu juu ya upeo, tena Juni na sehemu kubwa ya Julai usiku wa huko haufiki giza kamili. Dodoma linapanda hadi nyuzi 70. Katikati ya Julai giza limekamilika kabla ya saa mbili usiku, wingu linavuka kilele kati ya saa nne na saa tano, na linabaki juu ya nyuzi 30 hadi karibu saa nane na nusu. Hizo ni zaidi ya saa sita za kazi kwa usiku mmoja, na zimeangukia kiangazi cha Tanzania ya kati. Nairobi hali ni tofauti, maana Julai nyanda za juu hufunikwa na mawingu kwa siku nyingi. Ukiwa huko, fikiria kaskazini, upande wa Samburu au Marsabit. Na usianze na mawingu ya kundinyota la Kinyonga, ambayo picha zake kutoka nchi za kusini zaidi zinavutia mno: ukiwa Nairobi hayapandi hata nyuzi 15, na hewa nzito ya karibu na upeo itayameza.

Giza la mahali ndilo jambo lisilo na mbadala. Vumbi hili halimeremeti kwa rangi moja ya gesi, bali huakisi kwa unyonge mwanga wa nyota zote, wa rangi zote. Kwa hiyo zile chujio zinazouzwa kwa ajili ya nebula nyekundu za hidrojeni hazitakusaidia, zitakunyima ulichokifuata. Ikiwa anga la mjini kwako linang'aa kwa ukubwa wawili (ukubwa ni kipimo cha wanaanga cha mwangaza) zaidi ya la kijijini, na tofauti hiyo ni ya kawaida kabisa, basi linang'aa mara sita na zaidi. Kazi ya saa 4 kijijini itakudai saa 25 mjini. Nauli ya basi ni rahisi kuliko saa hizo. Faida nyingine ya vumbi kutokuwa la hidrojeni ni kwamba huhitaji kamera iliyobadilishwa chujio lake la ndani. Ile unayopigia picha za harusi inatosha.

Chagua siku zilizo karibu na mwezi mwandamo, siku nne au tano kila upande. Kati ya miezi ya kiangazi napendelea Juni na Julai kuliko Septemba, kwa sababu kadiri kiangazi kinavyokomaa ndivyo moshi wa kuchoma mashamba na nyika unavyozidi, na moshi huo unatandaza mwanga wa mji wa mbali angani kote. Upepo wa Singida na Dodoma nao si wa kudharau. Weka tripodi chini kadiri inavyowezekana, ning'iniza begi zito katikati yake, na utafute ukuta au gari la kukukinga. Ukiwa pwani au kando ya Ziwa Victoria adui wako ni umande: usiende bila mkanda wa kupasha lenzi joto.

Sasa suala linalowasumbua wengi wa ukanda wetu, na ambalo vitabu vya mashine za kufuatilia, zinazoizungusha kamera pamoja na anga, hulipita haraka. Ili nyota zisichore mistari, mashine ya kufuatilia lazima mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka. Ulaya wanatazama Nyota ya Kaskazini kupitia kidarubini cha mhimili, kazi inakwisha. Dodoma nyota hiyo iko chini ya upeo, na ncha ya kusini iko juu kwa nyuzi sita tu, nyuma ya miti na vumbi. Kwa hiyo kabla ya kununua uliza swali hili: mashine inaweza kushuka hadi nyuzi ngapi za latitudo? Kadhaa zinazopendwa hukomea nyuzi 10, nyingine 14. Ikikomea hapo, utalazimika kufupisha au kurefusha mguu mmoja wa tripodi ili uilaze zaidi. Ikifika, jaribu mchana kama fimbo ya uzani haigongi mguu wa tripodi. Kwa latitudo zetu hugonga mara nyingi. Kisha jifunze kuelekeza mhimili bila kuiona ncha, ama kwa njia ya zamani ya kutazama nyota inavyopotoka, ama kwa programu kama N.I.N.A., inayopiga picha tatu na kukokotoa kosa lenyewe. Zoezi hili lifanyie nyumbani, uani, hata kama kuna taa. Usiku wa kwanza porini usiwe darasa.

Mipangilio ya kamera haina mengi. Piga RAW, lenzi f/2.8, ISO 800 hadi 1600, sekunde 60 hadi 120 kwa picha, na hakikisha kilima cha histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, kimeachana na ukingo wa kushoto. Kila baada ya picha chache sogeza fremu kidogo, ili kasoro za sensa zisirundikane mahali pamoja. Saa nne za jumla zitakupa Bomba. Ukitaka na ule ukungu wa kahawia unaolizunguka, panga usiku wa pili kwa shabaha hiyo hiyo.

Flati ndizo za kutiliwa mkazo. Hizi ni picha za uso mweupe wenye mwanga sawa, kwa mfano anga la alfajiri kupitia fulana nyeupe iliyovutwa juu ya lenzi, zenye histogramu karibu na katikati. Zinafuta weusi wa pembe za lenzi na madoa ya vumbi kwenye sensa. Katika picha ya kundi la nyota ungeweza kuzikosa ukasalimika. Katika nebula ya giza doa la sensa na wingu la kweli vinafanana, na hakuna atakayeweza kukutenganishia baadaye. Zipige usiku huo huo, bila kugusa fokasi wala kuzungusha kamera.

Piga hodi pia. Mtu mwenye mitambo na taa nyekundu shambani saa saba za usiku ni lazima ashukiwe. Mwone mwenyekiti wa kitongoji mchana, mweleze, mwalike aje kutazama. Ndani ya hifadhi uliza mapema kama unaruhusiwa kuwa nje ya kambi usiku. Betri ya akiba, kadi mbili, nguo nzito: Dodoma ya Julai ina baridi kali alfajiri.

Kompyuta nayo iandae kabla ya safari. Programu ya Siril ni ya bure na inatosha kwa kurundika picha na kusahihisha rangi kwa kulinganisha na nyota zinazojulikana. Hatari iko kwenye kuondoa mteremko wa mwanga. Programu inayoondoa mng'ao wa mji hutafuta mabadiliko mapana na ya taratibu ya mwanga katika fremu, na vumbi hafifu lina sura hiyo hiyo. Ukiiachia ijiendeshe, italifuta wingu ulilosafiri kulifuata na kukuachia anga la kijivu. Tumia marekebisho ya kiwango cha chini kabisa, weka alama za sampuli chache kwa mkono wako mahali penye nyota tele, na ulinganishe na picha za anga nzima zinazopatikana bure katika Aladin, programu ya ramani za anga. Kinachoonekana kwako na hakimo kule, kitilie shaka. Kisha tenganisha nyota na ulivute vumbi peke yake, kidogo kidogo. Usiliminye hadi weusi mtupu: hata kiini cha Barnard 68 kina nuru kidogo mbele yake. Rangi ya kweli ya kingo ni kahawia, kwa kuwa vumbi huzuia buluu kuliko nyekundu. Ukipata zambarau au kijani, rudi kwenye flati na marekebisho ya mteremko kabla ya kugusa kitufe cha rangi.