Kujiandaa Kucheza Soka ya Kulipwa Ng'ambo: Mwongozo kwa Wachezaji wa Kike wa Nairobi

Mchezaji anayefunga mabao mawili katika uwanja wa Camp Toyoyo Jumapili alasiri, akashangiliwa na mtaa mzima, hudhani kwamba kilichobaki ni kuonekana tu. Kuonekana kuna uzito wake, lakini wachezaji niliowaona wakikwama hawakukwama uwanjani. Walikwama kwenye karatasi: pasipoti iliyokwisha muda, mkataba uliotiwa saini bila kusomwa, au wakala ambaye hakuna aliyejua alikotoka. Kwa sababu hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye mazoezi, ambayo kocha wako anayajua kuliko mimi.

Anza na umri. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache, kwa mfano wazazi wanapohamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na soka. Kwa hiyo anayemwahidi msichana wa miaka 16 kutoka Mathare mkataba wa Ulaya, au hajui kanuni, au anazijua na anakusudia kuzivunja. Miaka hiyo imalize shuleni, upate kitambulisho mara tu unapotimiza umri, kisha uombe pasipoti kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mapema, maana foleni ya Nyayo House haijali kwamba dirisha la usajili linafungwa wiki ijayo.

Katika kuchagua ligi, tazama njia ambazo wenzako wamezipita. Esse Akida alicheza Israeli kabla ya kwenda Uturuki na Ugiriki. Jentrix Shikangwa, aliyetoka Vihiga Queens, amepita Uturuki na Simba Queens ya Tanzania. Wengi huidharau Tanzania kwa kuwa iko karibu, na kwa maoni yangu wanakosea: lugha ni ile ile, na klabu inayofika Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika hukuweka mbele ya macho mengi kuliko video yoyote. Uingereza, kinyume chake, hutoa vibali kwa kuangalia mechi za timu ya taifa na nafasi ya nchi katika orodha ya FIFA, jambo linalowafungia mlango Wakenya wengi wasiokuwa katika Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake. Video nayo iwe fupi, dakika nne au tano, jezi yako ikionyeshwa kwa alama, na uwe na angalau mechi moja nzima ya kutuma ukiombwa, kwa sababu kocha makini hutaka kuona unafanya nini unapopoteza mpira.

Wakala lazima awe na leseni ya FIFA, na jina lake unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye orodha iliyo wazi katika tovuti ya shirikisho hilo. Mkataba wa uwakilishi kati yenu hauruhusiwi kuzidi miaka miwili. Binti mmoja niliyemsindikiza aliombwa shilingi 80,000 "za kufungua faili" kabla hata ya kutajiwa jina la klabu; tulipoomba barua ya mwaliko yenye nambari ya simu ya klabu, yule bwana hakupatikana tena. Wakala wa kweli hulipwa kutokana na mkataba uliokwisha kupatikana.

Mkataba wenyewe ndio unaotaka subira. Usome pamoja na mtu anayeelewa lugha uliyoandikwa, na kama una nakala mbili za lugha tofauti, uliza ni ipi itakayofuatwa mkigombana. Tazama kama mshahara umetajwa kabla au baada ya kodi, kwa sarafu gani, na kwa miezi mingapi, kwa maana msimu wa miezi 10 huacha miezi miwili ambayo tumbo halijui kwamba ni likizo. Nyumba, bima ya matibabu na tiketi ya kurudi Nairobi viandikwe, visibaki maneno ya simu. Kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba kutegemea vipimo vya afya au kibali cha kazi, kwa hiyo klabu ipime na iulizie kibali kabla ya kutia saini. Klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili, unaweza kuidai kwa maandishi na kuipa siku 15, na isipolipa una haki ya kuvunja mkataba. Tangu Januari 2021 mchezaji mjamzito ana haki ya likizo ya wiki 14, zisizopungua 8 zikiwa baada ya kujifungua, kwa angalau theluthi mbili ya mshahara. Mkataba wake hauwezi kuvunjwa kwa sababu ya mimba.

Ukishasaini, klabu mpya itaomba cheti cha kimataifa cha uhamisho kupitia shirikisho la nchi yake, na Shirikisho la Soka la Kenya ndilo litakalokitoa. Hapa ndipo kuagana vibaya na klabu ya nyumbani humrudia mtu, kwa hiyo pata barua ya kuachiliwa mapema. Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, huhitajika kwa vibali vingi vya kazi, nacho huanzia katika eCitizen na alama za vidole katika Huduma Centre.

Kabla ya kuondoka, jiandikishe na KEFWA, chama cha wachezaji wa Kenya kilicho mwanachama wa FIFPRO, muungano wa vyama vya wachezaji duniani, maana kesi ya mshahara ikifika kwenye baraza la FIFA la kuamua migogoro utahitaji mtu aliyezoea kuiandika. Nakala ya mkataba, ya pasipoti na ya viza mwachie mama au dada hapa Nairobi, pamoja na anwani ya nyumba utakayolala na nambari ya ubalozi wa Kenya ulio karibu nawe. Ukifika, piga picha ya mlango wa nyumba hiyo umtumie siku hiyo hiyo.