Jinsi ya kumfuatilia limpeti mpaka arudi kwake

Limpeti ni konokono wa bahari mwenye gamba la umbo la pia butu. Wengi wao hutoka kula mwani, kisha hurudi mahali palepale na kukaa wakielekea upande uleule. Kwenye jiwe laini gamba huusaga mwamba mpaka pakabaki kovu. Kwenye jiwe gumu ukingo wa gamba hukua ukiufuata mwamba. Hapo gamba hukaza barabara na unyevu hautoki. Kwa hiyo kamwe usimbandue: utamjeruhi mguu, na akishika pengine gamba halitakaa sawa, jua litamkausha.

1. Subiri bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Mombasa na Unguja, maji ya bamvua hupwa kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Asubuhi tia alama, usiku angalia. Nendeni wawili.

2. Tia nukta mbili. Hapa usiharakishe. Sugua gamba kwa mswaki, likaushe kwa kitambaa, kisha weka nukta ya rangi ya kucha karibu na ukingo na nyingine mwambani, mkabala nayo. Rangi isiunganishe gamba na jiwe. Nukta zikikabiliana tena, amerudi na amekaa vilevile. Ukitia gambani peke yake, utabaki kukisia. Kila limpeti apewe rangi yake.

3. Pima. Kaza skrubu mbili mwambani, upime kutoka kila moja hadi kilele cha gamba. Vipimo hivyo viwili, pamoja na umbali kati ya skrubu, vinatosha kuchora ramani, mradi limpeti wote wawe upande mmoja wa mstari unaounganisha skrubu.

4. Rudi usiku. Tumia taa nyekundu hafifu, upime kila nusu saa. Ukimkuta ametulia, usiseme hatembei: wapo wanaotembea maji yakipwa usiku, na wapo wanaotoka wakishafunikwa na maji. Kwa hao wa pili, jaza nta ya madaktari wa meno katika vitundu vidogo mwambani, usawa wa uso wa jiwe. Meno yao yana madini ya chuma na huacha mikwaruzo juu ya nta.

5. Jaribu njia ya ute. Limpeti wengi hurudi kwa kufuata ute walioacha. Mmoja akiwa nje, sugua ukanda mwembamba unaokata njia yake, uone kama atasita au atavuka. Kando ya limpeti mwingine sugua ukanda wa ukubwa huohuo bila kugusa njia yake, upate wa kulinganisha naye.