Jinsi ya Kutembelea Daraja la Mungu na Kijungu, Rungwe

Daraja la Mungu ni tao la mwamba wa volkano lililovuka Mto Kiwira katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, Tanzania, na wageni wengi hupiga picha wakiwa wamesimama juu yake, kisha wakaondoka bila kuliona. Aliye juu huona mwamba anaoukanyaga tu. Tao lenyewe humdhihirikia aliyesogea kando, mahali salama ukingoni, akatazama maji yakipita chini yake.

Kutoka Mbeya mjini, panda Costa au gari dogo liendalo Tukuyu au Kyela kupitia Uyole, ushuke Kiwira, kisha uchukue bodaboda kuelekea magharibi. Patana mapema nauli ya kwenda, ya kusubiri na ya kurudi, kwa maana dereva akikuacha huko kupata usafiri mwingine si jambo la hakika. Kijungu, shimo la mwambani lililochimbwa na maji, kimo ndani ya eneo la Chuo cha Magereza. Kwa hiyo beba kitambulisho, jieleze getini kwa adabu, usubiri ruhusa, wala usielekeze kamera kwenye majengo au kwa askari.

Miezi inayofaa zaidi ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na masika yanapokolea njia huteleza, mto hufura na maji hubadilika rangi. Hata kiangazi vaa viatu vyenye soli inayoshika, tena chukua sweta na koti la mvua, kwani baridi ya Juni na Julai haina mzaha na manyunyu huja bila taarifa.

Ukifika darajani, kabla ya kutoa simu, chunguza mwamba. Inaelezwa kwamba lava iliyotoka Mlima Rungwe ilishuka hadi kwenye mkondo wa mto, ikapoa na kuganda, huku maji yakiendelea kujitafutia njia chini yake mpaka likabaki tao. Huko mlimani habari za volkano si za kale tu: jirani yake, Mlima Kiejo, ulitoa lava takriban mwaka 1800, jambo ambalo kwa maoni yangu lingestahili kuelezwa kwa kila mwanafunzi anayeletwa hapa kwa ziara.

Kijungu kinahitaji tahadhari zaidi. Ni shimo la mviringo ambalo maji yenye kasi, yakizungusha mawe na mchanga, yamelichimba mwambani kama chungu. Mvuto wa maji yanayozunguka haupimiki kwa macho. Usiogelee, usiruke kutoka jiwe hadi jiwe, na mshike mtoto mkono muda wote.

Anza safari asubuhi, ili ikifika alasiri uwe umerudi Kiwira barabarani, ambako magari ya Mbeya bado hupita kwa wingi na ndizi za Rungwe huuzwa kwa mikungu.