Kulitunza gari la Continental Mark II katika hewa ya chumvi ya Malindi

Gari la Continental Mark II lilioneshwa kwa mara ya kwanza Paris mwezi Oktoba 1955, likaundwa kwa misimu miwili tu, wa 1956 na wa 1957, na yote yaliyotoka kiwandani ni kama 3,000 hivi. Kampuni ya Ford ililifungulia idara yake maalumu chini ya William Clay Ford, ikaliuza kwa karibu dola 10,000, na hata kwa bei hiyo ikapata hasara kwa kila gari. Aliyejaaliwa kulipata Malindi, au anayetunza gari jingine la Marekani la milango miwili la miaka hiyo, hana budi kujua kwamba adui wake wa kwanza ni chumvi, na kwamba chumvi huanza kazi yake chini ya gari, mahali ambapo wengi hawaangalii.

Sababu imo katika muundo wenyewe. Kimo cha gari hili ni kama mita 1.42, ilhali urefu wake unazidi mita 5.5, na wahandisi, wakiongozwa na Harley Copp, hawakutaka abiria wakae na magoti kifuani kwa ajili ya paa lililoshuka. Kwa hiyo waliiinamisha chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, sakafu ikashuka na viti vikabaki na kimo kizuri. Mafundi waliiita chesi hiyo tumbo la ng'ombe. Hapo ndipo ulipotoka uzuri wote wa gari hili, lakini katika mji wa pwani tumbo hilo ndilo linalokusanya maji, mchanga na majani, kisha kutu ikala polepole huku rangi ya juu ikiendelea kung'aa.

Kazi ianze hapo basi. Gari lina uzito wa zaidi ya tani 2, kwa hiyo liinuliwe juu ya sakafu ya saruji, kwa jeki inayostahimili uzito huo, kisha likalishwe juu ya stendi imara zinazoshika chesi yenyewe au ekseli. Jeki isiwekwe kamwe chini ya bamba la sakafu, na mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Chesi yote igongwegongwe kwa nyundo ndogo, kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilicholiwa hutoa sauti nzito iliyokufa. Penye shaka, ncha ya bisibisi itatoa jibu. Kutu ya juujuu isuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, ioshwe, ikaushwe kabisa, ndipo ipakwe rangi ya kwanza yenye zinki na rangi ngumu juu yake. Palipotoboka pakatwe na kuchomelewa chuma kipya cha unene uleule, kwa sababu puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, haibebi uzito wa gari. Sikubaliani hata kidogo na desturi ya kupaka lami nzito chini ya gari zee: lami ikishapasuka hufungia maji ya chumvi ndani yake, na mwenye gari hudhani amelindwa wakati kutu inaendelea kula. Ndani ya mihimili ya chesi, ambako brashi haifiki, ipulizwe nta nyepesi au mafuta ya kuzuia kutu, na irudiwe kila mwaka kabla ya masika.

Matundu ya kutolea maji chini ya milango na kando ya sakafu yazibuliwe mara kwa mara, hasa ikiwa gari hulazwa karibu na mivinje, kwa maana majani yake membamba huingia kila penye upenyo. Milango ya gari hili ina mota za umeme za kushushia vioo, na maji yakisimama ndani ya mlango huharibu mota hizo kabla ya kutoboa bati.

Maji ya kuoshea yanahitaji uangalifu kuliko sabuni. Visima vingi vilivyo karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na kuliosha gari kwa maji hayo ni kulipaka upya kile kinachoondolewa. Yatumike maji ya mvua yaliyokingwa kwenye birika, au ya bomba, na mnyunyizo wa kwanza uelekezwe chini ya chesi na ndani ya matao ya magurudumu. Kromu nayo ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambamo chumvi hupenya hadi kwenye chuma. Ikishafutwa kwa maji matamu na kukaushwa, ipakwe nta. Vifuniko vya magurudumu vina mapezi yaliyofungwa moja moja, kwa hiyo unyevu hujificha kwenye kila ungio, na kitambaa pekee hakitoshi; brashi laini ndiyo inayofaa.

Gereji iwe na mlango unaotazama magharibi, ili upepo wa Kusi na wa Kaskazi usiingize chumvi moja kwa moja kutoka baharini. Paa la makuti linafaa sana kwa kupitisha hewa, mradi panya wasiachwe wakafikia nyaya. Gari lisifunikwe kwa turubai la plastiki, kwani jasho lake hubaki ndani; shuka nene la pamba ni bora zaidi. Ngozi ya viti, ambayo ilitoka Bridge of Weir huko Uskoti, hushika ukungu upesi wakati wa mvua: ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, vioo viachwe wazi kidogo gari likiwa ndani, na itumike dawa ya ngozi badala ya mafuta ya nazi, ambayo huchacha.

Kuhusu injini, ile V8 ya lita 6.0 ilitoa nguvu farasi 285 mwaka wa 1956 na 300 mwaka wa 1957, na haina ugumu kwa fundi anayejua kabureta. Mambo mawili yasisahauliwe. Iliundwa kwa petroli yenye madini ya risasi, yaliyokinga viti vya vali, yaani pete ambazo vali hukalia zikijifunga, visilike; petroli hiyo haiuzwi tena Kenya, kwa hiyo silinda hedi ikifunguliwa kwa sababu yoyote, ni vyema kufunga viti vya vali vya chuma kigumu. Na rejeta isitiwe maji ya kisima. Yatiwe maji yaliyosafishwa pamoja na dawa ya kupoza, la sivyo mirija itaziba na joto la Malindi halitasamehe.

Breki ni za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, hivyo yabadilishwe kila mwaka. Kwenye matuta ya barabarani gari livuke polepole, kwa kuwa tumbo lile huweza kugusa, na kila linapogusa, rangi ya kinga hutoka na sehemu hiyo inapaswa kupakwa tena juma hilohilo. Liendeshwe angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa kutosha injini ipate moto kamili, ili unyevu uliomo ndani ya bomba la moshi ukauke, na lisirudishwe gereji likiwa limelowa.